70-300 au 200-500? Anza na lenzi uliyo nayo begini

Msomaji wa Donholm, hapa Nairobi, ananiandikia hivi: "Habari ya kazi, mwalimu. Napiga picha kwa mapenzi tu, si kwa pesa. Nina Nikon D7500 na lenzi iliyokuja nayo, 18-140. Jumamosi asubuhi huenda msitu wa Karura au Arboretum kutafuta ndege. Kila baada ya miezi miwili hivi tunaingia Mbuga ya Nairobi na familia. Kijana wangu wa miaka kumi anacheza kandanda. Akiba yangu inatosha lenzi moja, nayo iwe imetumika. Wenzangu wote wananiambia nichukue 70-300 kwa sababu ni nyepesi na inafanya kila kitu. Moyo wangu uko kwa 200-500, ila naogopa uzito, na mke wangu anauliza nani ataibeba. Nimeona 70-300 AF-P kwa bei nzuri sana, nimekutumia tangazo lake. Nishauri."

Salamu kwako na kwa mama watoto. Swali lake ndilo zito kuliko yote uliyoandika, na nitalifikia. (Kwa wasomaji wengine: namba hizi za lenzi ni urefu wake kwa milimita; kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo lenzi inavyomvuta ndege karibu.)

Nisikuweke roho juu: kwa hali uliyonieleza, chukua 200-500. Wenzako nao hawajakosea. Wamelijibu tu swali la mtu mwingine, mtu asiye na lenzi nyingine yoyote. Mtu wa aina hiyo akinisimamisha njiani na kuniuliza, ningemwambia 70-300 kisha niende zangu. Ile ya Nikon ya f/4.5-5.6E (namba ya f ni upana wa tundu la mwanga, na ndogo ndiyo inayoingiza mwanga zaidi) iliyotoka 2017 ina gramu 680 tu, inaingia kwenye begi la kawaida, fokasi yake ni ya haraka na haina kelele, na inamkaribia mdudu hadi mita 1.2. Ni lenzi ambayo hutaiacha nyumbani, na hiyo si sifa ndogo.

Lakini wewe una 18-140. Ukinunua 70-300, kuanzia milimita 70 hadi 140 umelipia kitu ambacho tayari kiko begini mwako. Kipya kitaanzia 140 na kuishia 300. Ukinunua 200-500, kila milimita ni mpya. Pengo la katikati, kati ya 140 na 200, mimi sijawahi kumwona mtu akililia. Ni kusogea hatua chache, au kuikata picha kidogo ukifika nyumbani.

Usiniamini kwa maneno. Zifungue picha zako za mwaka uliopita kwenye kompyuta, utenge zile za ndege ulizopiga lenzi ikiwa imefika mwisho, 140. Picha ya D7500 ina upana wa pikseli 5,568. Chukua moja, uikate ibaki na upana wa pikseli 2,600, ndege akiwa katikati. Hapo umeona kile ambacho 300 ingekupa kutoka pale pale uliposimama. Kisha ikate tena ibaki pikseli 1,560, uone 500 inafika wapi. Picha yenyewe itakuwa imechakaa kwa kukatwa, usiijali. Tazama ndege amejaa kiasi gani ndani ya fremu. Fanya hivyo kwa picha ishirini, halafu ujiulize ni ngapi zilizokuridhisha kwenye 2,600 na ni ngapi ulizolazimika kuzifikisha 1,560. Kazi hiyo haichukui hata saa moja, na itakufaa kuliko maoni yetu sote, yangu yakiwemo.

Nikubahatishie matokeo. Chukua ndege wa sentimita 15, mkubwa kuliko chozi wengi na mdogo kuliko kurumbiza, akiwa ametua mita kumi kutoka kwako. Kwa 300, urefu wake utachukua kama pikseli 1,070, chini kidogo ya sehemu moja kwa tano ya upana wa picha. Kwa 500 utapata pikseli 1,780 hivi, karibu thuluthi. Ukihesabu kwa eneo, ndege yule yule amekuwa mkubwa mara 2.8. Hapo ndipo unaanza kuona nyuzi za manyoya na doa la mwanga ndani ya jicho. Na mita kumi ni ukarimu wa ndege. Kwarara wa Arboretum watakuacha uwafikie, wamezoea watu na wana mdomo mrefu wa kupiga kelele kuliko woga. Kigong'ota aliye juu ya mti wa Karura hatakungoja. Hata 500 yenyewe, kwa ndege, haitoshi. Hakuna mpiga ndege ambaye nimewahi kumsikia akisema lenzi yake ni ndefu mno.

Mbugani mambo hugeuka, na hapa ndipo nakubaliana na wenzako. Watu hudhani wanyama wakubwa wanataka lenzi kubwa. Simba mwenye mwili wa mita mbili, akiwa mita 60 kutoka garini, kwa 300 atajaza zaidi ya sehemu mbili kwa tano za upana wa picha. Hiyo ni picha nzuri tayari, na nyasi zake na upeo wake. Kwa 500 atajaza saba kwa kumi, nayo ni picha ya simba mwenyewe. Zote nzuri, ila 300 haikukuangusha. Sasa mchukue twiga. Pale mbugani twiga husimama kando kabisa ya barabara wakila migunga, mita 15 kutoka mlangoni mwa gari. Twiga wa mita tano, ukitaka awe mzima kwenye fremu iliyosimama wima, kwa 200 unahitaji kuwa mita 43 kutoka kwake. Ukiwa mita 15 utapata kichwa na shingo basi. Na huwezi kushuka garini kurudi nyuma, sheria ya mbuga hairuhusu isipokuwa kwenye vituo vichache vilivyotengwa. Mwenye 70-300 angeishusha hadi 70 na kumpata twiga mzima. Wewe utaichomoa 200-500 na kuivika 18-140.

Hilo la kuvua na kuvika ndiyo gharama halisi ya ushauri wangu, nisikufiche. Vumbi la murram la mbuga ile halina adabu. Zima kamera, pandisha vioo, weka begi mapajani, elekeza mdomo wa kamera chini, badilisha upesi. Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi: acha 200-500 kwenye kamera siku nzima na twiga wa karibu mwachie mama watoto na simu yake. Simu za siku hizi kwa mnyama aliye mita 15 zinapiga picha ambayo utaionea wivu.

Kandanda la kijana nalo lisikusumbue. Mtoto wa mita 1.4 akiwa mita 20 kutoka kwako, lenzi yako ya sasa kwenye 140 inampa karibu thuluthi mbili za kimo cha picha. Viwanja vya watoto ni vidogo. Simama karibu na kibendera cha kona, subiri mchezo ukufuate. Na 200-500 kwa mechi ya watoto ni mateso, maana mtoto akifika mita 15 umemkata miguu, na mpira uko miguuni. Akifika sekondari na kuanza kucheza uwanja mzima, hapo utaitamani 70-300, na utakuwa umeshaweka akiba nyingine.

Kuna jambo la mwanga ambalo wauzaji hulieleza vibaya. Utaambiwa 200-500 "inaingiza mwanga zaidi" kwa sababu kioo chake cha mbele ni kikubwa, kichujio chake kina milimita 95 na cha 70-300 kina 67. Si kweli kwa maana wanayoitaka wao. Ukizivuta zote mbili hadi mwisho, zote ni f/5.6, na picha itapokea mwanga ule ule. Kioo kile kikubwa kimelazimishwa na urefu wa milimita 500, hakikuwekwa kukupa zawadi. Kilichobaki ni kwamba 500 inakuza pia mtikisiko wa mkono wako. Kwa D7500, ambayo sensa yake ni ndogo, kanuni ya zamani inakutaka kasi ya shata ya 1/450 ya sekunde kwenye 300 na 1/750 kwenye 500. Kizuia mtikisiko kitakushushia kasi hiyo sana, zote mbili zinacho, lakini kinatuliza mkono wako, hakimtulizi ndege. Ndege anayerukaruka tawini anataka 1/500 au zaidi, uwe na kizuia mtikisiko au usiwe nacho.

Sasa fikiria Karura mwezi wa Julai. Unaijua ile hali: mawingu yamelala juu ya jiji tangu asubuhi, na chini ya miti kuna kigiza kama cha saa kumi na mbili jioni. Kwa f/5.6 na 1/500 utajikuta kwenye ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 3200, na ukitaka 1/1000 ni 6400. D7500 inavumilia, chenga, yale madoadoa ya picha za gizani, zitakuwepo, jicho halitazichukia. Lakini hizo chenga zitaonekana zaidi kwa mwenye 300 kuliko mwenye 500, kwa sababu yeye atalazimika kuikata picha na kuzikuza chenga pamoja na ndege. Hiyo ni faida ya 500 ambayo haiandikwi kwenye boksi.

Kuna adui mwingine ambaye hakuna lenzi inayomshinda, na nilimjua kwa aibu. Nilipopata lenzi yangu ndefu ya kwanza niliingia nayo mbugani saa tano asubuhi, jua kali, nikawapiga pofu waliokuwa mbali upande wa Athi. Nilipofika nyumbani, picha zote mia na kitu zilikuwa kama zimepigwa kupitia maji ya birika. Nikalaani fokasi. Nikampelekea fundi, akakaa na lenzi wiki nzima, akanirudishia akisema haina shida yoyote na malipo ya kuikagua ni haya. Niliyakataa maneno yake mpaka nilipoingia tena saa kumi na mbili na nusu asubuhi na lenzi ile ile, nikapata pembe za pofu zimechongoka kama sindano. Yalikuwa mazigazi. Ardhi ikishapata jua, hewa ya juu yake huchemka, na kadiri unavyotazama kupitia hewa nyingi ndivyo picha inavyoyeyuka. Lenzi ya 500 hukuza ule mchemko pia. Kwa hiyo mbugani, saa mbili za kwanza za asubuhi ndizo zake. Kuanzia saa nne piga walio karibu tu. Na zima injini, kwa sababu mbili: inatikisa gari, na joto la boneti likipita mbele ya lenzi linakuletea mazigazi yako binafsi.

Mama watoto ameuliza nani ataibeba.

Lenzi ina kilo 2.3 pamoja na pete yake ya stendi. Kamera yako na betri ni gramu 720. Jumla ni kilo tatu na kidogo. Kabla hujamlipa mtu yeyote, Jumamosi moja chukua pakiti ya unga ya kilo mbili na sukari kilo moja, tia kwenye begi, panda nalo matatu kutoka Donholm, shuka mjini, panda nyingine hadi Karura, tembea saa mbili kama kawaida yako, urudi. Kila dakika tano litoe begi, liinue usawa wa macho kwa mikono miwili, uhesabu hadi ishirini. Watakucheka, waache wacheke. Ukirudi nyumbani na bega linakuambia "sirudii", nunua 70-300 wala usione haya, kwa sababu 300 iliyoko msituni inampiga ndege na 500 iliyoko kabatini haimpigi mtu. Hiyo ndiyo hali pekee inayoweza kunibadilisha mawazo.

Ukivumilia, jifunze kuubeba ule mzigo. Mkanda wa bega ufunge kwenye ile pete ya lenzi, usiufunge kwenye kamera, la sivyo uzito wote unaning'inia kwenye mdomo wa kamera. Ukipiga, kiganja cha kushoto kiwe chini ya lenzi, kiwiko kibane ubavuni. Kuvuta kutoka 200 hadi 500 ni mzunguko mrefu, mkono mmoja huumaliza kwa mara mbili, hivyo ndege asiyetulia mngoje ukiwa umeshaivuta. Na begi liwe la kawaida, lisiandikwe jina la kampuni ya kamera. Mjini hapa huhitaji kumtangazia mtu.

Kuhusu tangazo ulilonitumia. Soma tena maandishi yaliyo kwenye mdomo wa lenzi ile: ni f/4.5-6.3. Hiyo si lenzi niliyoisifu hapo juu. Nikon wana 70-300 kadhaa zenye majina yanayofanana kama mapacha. AF-P (jina la aina ya mota ya fokasi) ya f/4.5-5.6E ndiyo kubwa, ina swichi za fokasi na kizuia mtikisiko ubavuni na kichujio cha 67. AF-P ya f/4.5-6.3G ni ndogo, ya kamera zenye sensa ndogo kama yako, kichujio chake ni 58, haina swichi hata moja, na inatoka kwa aina mbili: yenye VR, yaani kizuia mtikisiko, na isiyo na VR. Kwenye ile ya tangazo herufi VR sizioni. Bila kizuia mtikisiko, kwenye 300, chini ya miti ya Karura, utakuwa unakusanya picha zilizotikisika. Ndiyo maana bei ni nzuri. Kwenye kamera yako zote hizi za AF-P zitafanya kazi. Ila ukitaka kumsaidia rafiki mwenye D90 au D7000, mwambie AF-P asiiguse kabisa, fokasi haitafanya kazi kwenye kamera hizo.

Upande wa 200-500, ilipotoka 2015 ilikuwa karibu dola 1,400 na ile 70-300 kubwa ilikuja kwa takriban nusu ya hapo. Tangu Nikon walipoleta kamera za Z, zile zisizo na kioo ndani, mwaka 2018, na hasa baada ya 180-600 ya Z kutoka 2023, wengi wanaziuza za zamani. Hilo ni jema kwako. Nawe ukihamia Z siku moja, itakufuata kwa adapta ya FTZ na fokasi yake itafanya kazi. Ukikuta Sigma 150-600 Contemporary au Tamron 150-600 G2 kwa bei ya chini, usizifukuze. Zote ni nyepesi kuliko Nikon, Sigma ina gramu 1,930, na zinafika 600. Huko mwisho ni f/6.3, giza kidogo zaidi. Mimi ningebaki na Nikon kwa ajili ya ile f/5.6, lakini huo ni upendeleo wa mtu aliyezoea misitu.

Ya kutumika ikague mchana, ukiwa na kamera yako na tochi. Mulika kutoka nyuma ya lenzi ukitazamia mbele, ukitafuta kuvu, vile vijinyuzi kama utando wa buibui. Vipo sana kwenye lenzi zilizokaa Pwani au kufungiwa begini. Punje chache za vumbi ndani usizijali, lenzi hii hurefuka ukiivuta na kila ikirefuka inavuta hewa, itakuwa na vumbi tu. Ivute yote halafu uitikisetikise taratibu usikie kama inachezacheza. Weka kwenye 500, f/5.6, piga kitu chenye maandishi, mabango ya ng'ambo ya barabara yatafaa, ukiwa umeegemea ukuta. Piga na kizuia mtikisiko kikiwa wazi, kisha kikiwa kimezimwa. Angalia mguu wa stendi, ukiwa umekwaruzika mno ujue ilibebwa kwa kuangushwaangushwa. Muuzaji akikuharakisha, mshukuru uondoke.

Kama unaweza, kabla ya yote hayo, kodi moja kwa wikendi. Nairobi lenzi za kukodi si haba. Jumamosi Karura kwa miguu, Jumapili mbugani lango linapofunguliwa. Wakikuruhusu kazini, siku moja ujiunge pia na matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama cha uhifadhi, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Kuna watu mle wanaomtambua ndege kwa mlio kabla hujainua kamera, na mbuga yetu pekee ina aina zaidi ya 400.

Kwa siku ya mbuga tafuta fundi cherehani akushonee mfuko wa turubai wenye ukubwa wa mto wa mtoto, uujaze maharagwe makavu kilo mbili hivi, usiujaze ukakaza, uwe legelege. Shusha kioo cha gari, laza mfuko juu ya mlango, laza lenzi juu ya mfuko. Kwa namna hiyo mlango ndio unaozibeba zile kilo tatu. Mfuko wenyewe mpe kijana abebe.